Kumwepuka Mgonjwa na Kumtupa Mgonjwa

 

Usiku mmoja, baada ya kwisha darasa, alibaki nyuma mtu mmoja katika watu wa mtaa wetu, mtu wa makamo, muuza nguo, asiyekuwa na desturi ya kuuliza maswali. Akangoja hata watu wakatoka wote, kisha akasema: "Sheikh, nina mas-ala yangu yamenikaa moyoni tangu mwaka 2021. Nalishikwa na Korona katika mwezi wa Julai, siku zile za kukaribia Idi ya kuchinja. Nikalala chumba cha juu siku 9. Siku ya tatu mke wangu naye akashikwa. Watoto wetu wawili, wadogo, wakawa hawana wa kuwapikia ila mmoja wetu ainuke akishika ukuta. Katika siku hizo 9 mlango wangu haukupigwa hodi hata mara moja. Nilipopona nikaja msikitini, kila mtu alinambia: tulikuwa tukikuombea dua. Sasa nataka nijue: kule kuniacha kulikuwa ni sharia, au kulikuwa ni khofu?"

Nasi ni katika majirani zake. Baina ya mlango wetu na wake ipo milango minne tu.

Tukamjibu kwa yale yanayojulikana. Tukamwambia kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuingia katika nchi iliyoshukiwa na tauni, na amekataza mwenye wanyama wagonjwa kuwapeleka penye wanyama wazima, na kwamba waganga walikuwa wameamrisha watu wakae mbali, na kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Akatusikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema: "Hayo nayajua, Sheikh. Mimi sikutaka mwingie. Nalitaka mpige hodi." Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Twakiri kwamba usiku ule hatukuwa na jawabu. Haya tunayoyaandika ndiyo jawabu, nayo yamechelewa.

Wasomaji wetu wote waliipitia miaka ile, basi hatuna haja ya kuisimulia kwa urefu. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi huo kwisha misikiti ilikuwa imefungwa, na amri ya kutotoka usiku imetolewa. Aprili ikafungwa Mombasa, asitoke mtu wala asiingie. Na tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani ya 1441, Mji wa Kale ukawekewa vizuizi vyake peke yake, ukabaki hivyo mpaka mwanzo wa Juni, Idi ikatukuta ndani. Hija ya mwaka ule haikuhudhuriwa ila na watu wachache waliokuwamo tayari katika nchi ya Saudia. Hata lilipotangaza Shirika la Afya Duniani, tarehe 5 Mei 2023, kwamba hali ya dharura imekwisha, serikali yetu ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 340,000, na waliokufa zaidi ya 5,600. Na kila mwenye kukaa mtaani ajua kwamba wapo waliougua na wapo waliokufa ambao hawakuingia katika hesabu hiyo. Maradhi yenyewe hayakuondoka. Yangali yakizunguka pamoja na mafua mengine. Wala si Korona peke yake. Kifua kikuu kimo katika nyumba zetu tangu zama za babu zetu, na mwenye nacho hufanyiwa yale yale aliyofanyiwa ndugu yetu muuza nguo. Kwa hivyo swali lake si la miaka ile tu.

Na tuanze kwa wale waliokosea upande wa pili, kwani na hao walikuwako. Tunaijua nyumba moja ambayo mama yao mzee alishikwa na homa na kikohozi, nao wakaona ni aibu mama kama huyo, mwenye jamaa wengi, alale pasi na watu. Basi watu wakaja kama ilivyo ada yetu. Wakakaa pembezoni mwa kitanda, madirisha yamefungwa kwa kuwa mgonjwa ahisi baridi, udi wafukizwa, kahawa yazungushwa, na kila aingiaye ambusu mkono. Aliyetaja barakoa aliambiwa hana imani. Mama yule alipona. Lakini katika wiki tatu zilizofuata walizikwa wazee watatu katika wale waliokuwa wakiingia na kutoka chumbani mle. Hatusemi ni nani aliyemtia nani maradhi. Hilo Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Twasema kwamba waliokwenda walikwenda kwa mapenzi ya kweli, na mapenzi yao hayakumfaa mgonjwa hata kidogo: hakupata usingizi, hakupata hewa, na aliwapikisha binti zake kutwa kwa ajili ya wageni.

Watu hawa hutoa hoja kwa hadithi mashuhuri ambayo dhahiri yake yakanusha kuambukiza. Lakini Mtume huyo huyo (S.A.W.) ndiye aliyeamrisha kumkimbia mwenye ukoma kama akimbiwavyo simba, na wanavyuoni wameyakusanya maneno mawili haya tangu zamani, wakasema kilichokanushwa ni ile itikadi ya watu wa ujahilia kwamba maradhi huhama kwa nguvu zake yenyewe, bila ya amri ya Mungu. Moto nao hauunguzi ila kwa amri yake, wala hatujamwona mwenye akili akitia mkono jikoni ili aoneshe tawakuli yake.

Basi hao wana kosa lao, na limekwisha kusemwa sana. Kosa letu sisi tuliokaa mbali halijasemwa, kwa sababu lilivaa kanzu ya sharia.

Na tuitazame hiyo sharia. Katika mwaka wa 18 wa Hijra (639) Sayyidna Umar (R.A.) alisafiri kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata khabari kwamba tauni imeingia huko. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana. Kisha akawashauri wakubwa wa Kikureshi waliohamia katika zama za kufunguliwa Makka, wakakubaliana arejee. Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.), aliyekuwa jemadari wa Sham, akamlaumu: je, unakimbia makadirio ya Mungu? Umar akamjibu kwamba anayakimbia makadirio ya Mungu kwenda kwenye makadirio ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliye katika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina malisho na moja kavu: popote alishapo, amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta humo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akarudi.

Kisa hiki kilihadithiwa katika kila mimbari na kila redio mwaka 2020. Lakini husimuliwa mpaka hapo, Umar anapogeuza ngamia wake. Yaliyofuata hayasimuliwi. Abu Ubaida yeye hakurudi Madina. Alirudi Sham kwa watu wake. Umar alipoona tauni inazidi, akamwandikia kwamba ana haja naye, aje upesi. Abu Ubaida akaufahamu muradi wa barua ile, kwamba Khalifa ataka kumwokoa, akajibu akitaka udhuru: yeye yumo pamoja na jeshi la Waislamu, wala hatamani kuiokoa nafsi yake akawaacha. Umar alipoisoma akalia. Kisha akamwandikia mara nyingine awahamishe watu kwenye ardhi ya juu yenye hewa safi. Naye Abu Ubaida akafa katika tauni ile, iitwayo tauni ya Amwas.

Na tufikiri hapa kidogo, kwani ndipo penye jawabu letu. Watu wawili, wote katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mmoja alikaa nje na mmoja alikaa ndani, na hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mmoja wao alikosea. Hadithi ni moja, nayo ina hukumu mbili: aliye nje asiingie, aliye ndani asitoke. Sisi tuliichukua nusu ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyotufaa.

Na kwa nini aliye ndani asitoke? Imam Ghazali, katika Ihyaa, ametaja sababu ambayo kila tukiisoma twamkumbuka yule ndugu yetu aliyekuwa akishika ukuta. Asema kwamba lau wazima wangeruhusiwa kuondoka wote, wangebaki wagonjwa peke yao, hawana wa kuwapa maji wala wa kuwalisha, na wao wenyewe hawawezi. Na huko kungekuwa ni kuwaangamiza. Ama aliye nje, huyo wagonjwa hawamtegemei, basi hana sababu ya kuingia. Kwa hivyo katazo lile, kama alivyolifahamu yeye, halikuwekwa kwa ajili ya kuwalinda wazima tu; limewekwa pia kwa ajili ya haki ya mgonjwa, asikose mkono wa kumnywesha.

Tena mtazame Umar aliyekaa nje. Je, alinyamaza? La. Aliandika, akaandika tena. Aliuliza hali, alitoa shauri la mahali pa kuwahamishia watu, na alilia. Baina ya Madina na Sham ni safari ya siku nyingi kwa ngamia, na khabari zake ziliwafika wagonjwa. Baina ya mlango wetu na wa jirani yetu ni milango minne, na simu tunayo mfukoni.

Na katika Sahihi ya Muslim imo khabari ya ujumbe wa Thakif. Ndani yake alikuwamo mtu mwenye ukoma, naye amekuja kutoa baia kwa Mtume (S.A.W.). Baia kwa desturi ilikuwa ni kupeana mikono. Mtume akamtumia mtu amwambie kwamba baia yake imekwisha kupokewa, basi arejee. Hakumshika mkono, wala hakumwacha mlangoni pasi na jibu, wala hakumnyima kile alichokijia. Kiwiliwili chake kiliwekwa mbali, na haki yake ikamfikia alipo. Kwetu sisi hii ndiyo tafauti ya kumwepuka mgonjwa na kumtupa. Mwenye kuepuka huzuia pumzi yake na mkono wake visigusane na vya mgonjwa, na hilo laweza kuwa wajibu. Mwenye kutupa huzuia chakula chake, fedha zake, ulimi wake na khabari zake, na hivyo havibebi maradhi.

Huenda mtu akasema: kumzuru mgonjwa ni sunna yenye thawabu kubwa, na waganga wakituzuia, thawabu tumeikosa kwa udhuru, basi hatuna dhambi. Tumelisikia neno hili mara nyingi, hata sisi tulilisema. Walakini ndani yake imo ghalati. Kumzuru mgonjwa kumetajwa katika hadithi miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na haki ina mwenyewe. Ikiwa nina deni lako, na njia ya kuja kwako ikafungwa, deni halikufutika. Yanipasa nikutafutie njia nyingine. Na aliyekwenda kwa mama yule mzee ili asiambiwe hakwenda, au ili aandikiwe, huyo alijilipa nafsi yake. Kipimo cha kuzuru ni kile kimfaacho anayezuriwa. Mara nyingine kinachomfaa ni kuwa usiingie. Hapo kutoingia kwako ndiko kuzuru, ukiwa umefika mlangoni.

Ama hilo la kuwafuata waganga, wapo wanaotuuliza kama ni lazima kisharia. Mas-ala haya yamejadiliwa na wakubwa kabla yetu. Tajuddin Subki, ambaye mwenyewe alikufa kwa tauni mwaka 771 wa Hijra, alisema kwamba wakishuhudia matabibu wawili waadilifu, Waislamu, wajuzi, kwamba kuchanganyika na mgonjwa ni sababu ya kumdhuru mwenye kuchanganyika, basi kujizuia kwajuzu, au ni zaidi ya kujuzu. Baada yake Ibn Hajar Asqalani, aliyewazika binti zake kwa tauni na akatunga kitabu kizima juu yake, hakulikubali neno hilo, kwa kuwa mambo yanayoonekana yaukadhibisha ushahidi huo: wapo wanaochanganyika sana na wagonjwa wasipate kitu.

Sisi twawaheshimu wote wawili, na twaona ya kwamba leo tunaweza kuufahamu ukhitilafu wao kuliko walivyoweza wao. Imejulikana tangu mwisho wa karne ya 19 kwamba tauni ya mitoki huenezwa na viroboto wa panya; kwa hivyo mtu aliweza kulala ubavuni mwa mgonjwa akaamka mzima, na jirani asiyemgusa mgonjwa akashikwa. Alichokiona Ibn Hajar kwa macho yake kilikuwa kweli. Lakini Korona haina haja ya kiroboto. Hutoka katika pumzi ya mgonjwa, kwa kukohoa na kwa kusema na kwa kuhema tu, na hukaa katika hewa ya chumba kilichofungwa kama ukaavyo moshi. Na aghlabu mtu huwa na uwezo wa kuitoa kabla hajajijua kuwa ni mgonjwa. Hata Ibn Hajar amesimulia kwamba katika tauni ya Misri ya mwaka 833 waliokuwa wakifa kwa siku hawajafika 40, kisha watu wakafunga siku tatu, wakatoka wote pamoja jangwani kuomba; na mwezi haukwisha ila waliokufa kwa siku walizidi 1,000. Basi ushahidi wa wajuzi ukithibiti kwa maradhi maalumu, twaufuata kwa maradhi hayo, na hukumu ya tauni haipigwi moja kwa moja juu ya kila ugonjwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana mas-ala haya hayaishi kwa dalili. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimebanana, ghorofa juu ya ghorofa, na katika vyumba vitatu mwaweza kukaa babu, baba na wajukuu. Kumwambia mtu kama huyo ajitenge katika chumba chake na choo chake ni kumwambia ahamie nyumba asiyokuwa nayo. Hapa ndipo wa nje wanapotakiwa. Wale wazee na wenye kisukari wa nyumba hiyo wapewe pa kulala kwa ami yao au kwa jirani, ikiwa hawajaonesha dalili, nao watengwe huko siku chache wakitazamwa, nyumba ipumue. Mwenye chumba cha ziada ambacho huwekea masanduku, siku yake imefika.

Wa kuuguza awe mmoja, mzima, asiwe mzee wala mgonjwa wa sukari, tena awe amekwisha kuchanjwa ikiwezekana, kwani chanjo ilifika Kenya Machi 2021 na kazi yake kubwa ni kuzuia maradhi yasiwe makali. Avae barakoa yeye na mgonjwa, na madirisha yawe wazi mchana na usiku, baridi itibiwe kwa blanketi. Tumepokea kwa wazee wetu kwamba zamani za ndui aliyewekwa kuuguza alikuwa yule mwenye makovu, aliyekwisha kuugua akapona. Hiyo ilikuwa busara, ijapokuwa Korona, tafauti na ndui, yaweza kumrudia mtu.

Mgonjwa apewe maji mengi, uji, na dawa ya homa. Tangawizi na asali na habba sauda hatuvikatazi, ni vitu vyema. Lakini kule kufunikwa mtu shuka juu ya sufuria la maji yanayochemka, kulikoenea sana mwaka 2020, hakukuthibiti kuwa kunatibu, na wapo waliobabuka. Kitu kinachotakiwa kutazamwa zaidi ya vyote ni pumzi. Maradhi haya yana hila: mtu aweza kuwa akizungumza na kucheka, na oksijeni katika damu yake imeshuka pasi na yeye kujua. Kipo kipimo kidogo cha kutiwa kidoleni. Kikionesha chini ya 94, mgonjwa asingojwe, apelekwe hospitali, na ikiwa ni usiku, usiku huo huo. Tena aliyeanza kupata nafuu siku ya tano asiachwe kutazamwa, kwani wengi waliozidiwa walizidiwa katika wiki ya pili. Dawa ya deksamethasoni, ambayo ilijulikana Juni 2020 kuwa yapunguza vifo, ni ya wale waliofika kuhitaji oksijeni. Anayeinunua dukani akampa mgonjwa mwenye homa tu, aweza kumdhuru.

Na ni nani huyo wa kuuguza? Kila mtu amekwisha kujibu moyoni: mwanamke. Mke, binti, au yule dada asiyeolewa ambaye hutumwa kila palipo na mgonjwa. Wanaume hukaa barazani wakipokea pole. Lakini Sayyidna Uthman (R.A.) hakwenda Badri, na sababu yake ni kwamba mkewe Rukia, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa, na Mtume akamwamrisha abaki amwuguze. Kisha akampa fungu lake katika ngawira, na akamwahidi ujira wa mtu aliyehudhuria Badri. Mwanamume aliyebaki kumnywesha mkewe maji alihesabiwa pamoja na waliopigana vita vile! Baada ya hapo hatujui ni mwanamume gani wa pwani hii atakayesema kuuguza si kazi yake.

Ama walio nje kabisa, kazi zao ni nyingi kuliko wanavyodhani. Chakula kipikwe nyumba kwa nyumba kwa zamu, kiwekwe mlangoni, mtu apige hodi kisha arudi nyuma. Na wale wakaao juu wana kikapu chao cha kamba cha kununulia vitu kwa wapitao, basi na kiteremshwe, ndani mwake mtiwe dawa na maziwa ya watoto. Mgonjwa aliye fundi au mchukuzi hapati kitu siku asiyotoka. Na alipwe angalau nusu ya siku zake, na anayemdai kodi amngoje. Zaka na sadaka zina mlango hapo. Na apigiwe simu, si kila saa akachoka, bali kwa saa inayojulikana, ili aingoje. Mtu aliyelala peke yake na homa huyafikiri mambo mengi usiku, na miadi ya simu ya baada ya Isha ni kitu kikubwa.

Lipo jambo moja zaidi tunalolitaja kwa uchungu, nalo ni ulimi. Watu wengi katika mji huu waliificha Korona. Waliificha kwa khofu ya kupelekwa karantini, kwa khofu ya gharama zake, na kwa khofu ya kuzikwa na watu waliovaa mavazi meupe pasi na kuoshwa. Lakini zaidi waliificha kwa kutukhofu sisi. Mwenye kujulikana kuwa anayo, duka lake halikuingiwa hata baada ya mwezi, na watoto wake walinyooshewa vidole. Kisha tukawalaumu kwa kutusema uwongo! Kumficha mgonjwa maradhi yake na huku akichanganyika na watu ni dhulma, hatuna shaka. Lakini dhulma hii ilizaliwa na dhulma iliyotangulia. Ukitaka jirani yako akwambie kweli siku ya kwanza, mfanye asijute kukwambia.

Na aliyepona, asihesabiwe amepona siku ile aliyotoka mlangoni. Wapo waliobaki miezi na uchovu, na pumzi fupi, na kusahau, wakawa hawawezi kupanda ngazi za nyumba zao wenyewe. Na watu wakawaambia wavivu. Mgonjwa wa namna hii haambukizi tena, basi hata ule udhuru wa kukaa mbali haupo.

Tulimwendea ndugu yetu muuza nguo nyumbani kwake, tukapiga hodi, tukamwambia kwamba kule kumwacha kulikuwa ni khofu, wala hakukuwa sharia, na tukamtaka radhi. Akasema yamekwisha. Kisha akatuuliza kama darasa hili lina mpango wowote likija jingine, au tutasubiri tena kuombeana dua. Mpango hatukuwa nao. Sasa vimenunuliwa vipimo viwili vya kidole na kipimajoto kimoja, navyo huazimwa bure kwa nyumba yoyote yenye mgonjwa, awe wa darasa letu au asiwe, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Daftari la nyumba zenye wagonjwa na zamu za kupika amekubali kulishika yeye mwenyewe. Hupatikana dukani kwake kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa.